Jero ya kila jioni, tajiri kanuna

SWALI: Ugonile dada. Mimi ni kuli, napakia viazi Uyole mwaka wa sita sasa. Tuko 24, kila jioni mtu anatoa jero anaandikwa kwenye daftari. Masika haya mwenzetu aliteleza kwenye ubao wa Fuso, ubao una matope, gunia la lumbesa, lile la kujazwa kupita kiasi, likamfuata, mguu ukavunjika. Tajiri akampa elfu kumi akasema pole. Sisi ndo tulilipa hogo na unga wa watoto wake miezi miwili. Sahizi huyo tajiri kasikia tuna umoja, anasema mwenye daftari asikanyage stoo kwake, eti tunaanzisha chama. Alafu hela zote ziko kwenye simu ya mweka hazina, watu wameanza kunong'ona. Tufanyaje?
Kuli wa Uyole

JIBU: Ndaga kaka, na mpe pole mgonjwa.

Nianze na hela maana vikundi vingi nilivyoviona vimekufa kwa hela ya kwenye simu kabla hata tajiri hajanuna. Watu 24 mara jero ni elfu 12 kwa siku, mkifanya kazi siku 26 ni 312,000, hiyo ndo mnamuachia mtu mmoja alale nayo chini ya mto, hata angekuwa mlokole atajaribiwa. Mama zetu wa vikoba walishamaliza hili zamani: sanduku la bati, makufuli matatu, funguo kwa watu watatu, sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Linafunguliwa watu wote wakiwepo, hela inahesabiwa kwa sauti. Kama mnapenda simu tafuteni huduma ya kikundi ambayo hela haitoki mpaka wengine wakubali. Na mkishaanza kukopeshana jisajilini kabisa, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi vya namna hiyo visajiliwe, pakuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii.

Haya, tajiri. Kuchangiana hogo sio chama cha wafanyakazi, ila hata kingekuwa chama asingekuwa na la kusema, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na hata kukianzisha, wakitimia 20. Nyie mko 24, hesabu mwenyewe.

Atasema nyie ni deiwaka tu, hamna mkataba. Hapo inategemea. Kama leo unapakia gari la huyu kesho la yule, bei mnapatana palepale kwenye ubao, kumbana ni kazi. Ila kama ni stoo yake kila siku, yeye ndo anapanga muda na nani apakie, sheria haiangalii karatasi peke yake: ukimfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita unaweza kuhesabika mwajiriwa wake mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Na ukiwa mwajiriwa, ule mguu ulitakiwa ushughulikiwe na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mchango wake anatoa mwajiri, hakati kwako. Sio elfu kumi.

Kwa hiyo lile daftari lisiandike jero tu. Andikeni tarehe, stoo ya nani, magunia mangapi, nani alikuwepo. Mkifukuzwa nendeni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, msikae kijiweni mnasubiri hasira zipoe.

Kingine hujaniuliza ila nakisema. Gunia kwa sheria ya vipimo mwisho kilo 100, nyie mnabeba lile lenye kilemba cha viazi juu kimeshonewa kamba, alafu bei ya kubeba ni ya gunia moja. Kaeni wote 24 mkubaliane lumbesa habebi mtu. Akibeba mmoja kwa kuongezewa buku, imekula kwenu.

SWALI: Nachuma chai Mufindi, wanakata mchango wa misiba kwenye mshahara bila kutuuliza. Ni sawa?

JIBU: Hapana mdogo wangu. Makato ambayo hayamo kwenye sheria, amri ya mahakama wala mkataba wa pamoja wa chama na mwajiri yanahitaji ukubali kwa maandishi. Waombe wakuonyeshe karatasi uliyosaini, nenda na wenzako watatu wanne, usiende peke yako.