Flashi ya Mawimbi ya Ubongo Haitakuandikia Sura ya Pili

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Kampala, mwaka wa pili. Nyumbani ni Mbale. Mchana nafanya kazi, usiku nasoma, na nimezoea kusoma na muziki. Nasikiliza Lingala, maneno yake siyaelewi kwa hiyo hainisumbui, na nyimbo za injili mawazo yakinizidi. Miezi miwili iliyopita nilinunua flashi kwa shilingi 60,000 yenye "mawimbi ya alfa" na muziki wa Mozart katika hezi 432 (mitetemo kwa sekunde). Niliambiwa niisikilize kwa hedifoni ninaposoma na hata nikiwa nimelala, ubongo utaendelea kushika. Kumbukumbu sijaona tofauti, ila siku hizi silali vizuri. (Sura ya pili ya tasnifu yangu imekwama, na msimamizi wangu hajanijibu tangu Februari.) Je, ninatumia masafa yasiyofaa? Nijaribu yapi?

JIBU: Dada yangu, hiyo flashi naijua. Ni ya tano kuletwa mezani kwangu muhula huu, na bahasha yake ni ileile, yenye picha ya ubongo unaowaka kama transfoma iliyopigwa radi. Kuniuliza masafa yapi yanafaa ni sawa na kuniuliza jerikeni ya rangi gani inaongeza maji. Hakuna.

Kwa kuwa Mozart ndiye barua ya utambulisho ya wauzaji hawa, tuanze naye. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwasikilizisha wanafunzi 36 sonata moja ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10, kisha wakawapa maswali ya kukisia karatasi iliyokunjwa na kukatwa itakuwa na umbo gani ikikunjuliwa. Walifanya vizuri zaidi kuliko walipokaa kimya au walipopewa maelekezo ya kujilegeza. Faida hiyo iliyeyuka ndani ya robo saa. Basi! Hakuna aliyepima kumbukumbu, hakuna aliyepima mtihani, na hakukuwa na mtoto mchanga hata mmoja. Lakini habari ikishatoka mlangoni haina breki. Kufikia 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, Zell Miller, alikuwa anaomba bajeti ya dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe rekodi ya muziki wa aina hiyo.

Waliorudia jaribio wakakuta faida ndogo mno, wengine hawakuona kitu. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walifanya jambo ambalo mimi ningelifanya la kwanza: wakalinganisha Mozart mchangamfu na kipande cha polepole, cha huzuni. Mchangamfu ulisaidia, wa huzuni haukusaidia. Walipoondoa kwenye hesabu tofauti ya uchangamfu na furaha ya wasikilizaji, tofauti ya alama nayo ikaondoka. Baadaye watoto wa Uingereza wa miaka 10 na 11 walifanya vizuri zaidi baada ya kusikiliza nyimbo za kisasa wanazozipenda kuliko baada ya Mozart. Kwa lugha ya Wandegeya, mtaa wa wanafunzi hapa Kampala: muziki uliokuchangamsha umekuchangamsha. Dakika kumi za wimbo unaoupenda kabla ya kufungua kitabu zina maana. Kuamini kwamba sauti yenyewe inaingia kichwani na kufanya kazi uliyotakiwa kuifanya wewe, hapo ndipo ninapokosa uvumilivu.

Hilo la kusikiliza ukiwa umelala ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu lingine lote linakupotezea pesa tu, hili linakula usingizi. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani waliwasomea watu maswali na majibu usiku kucha huku mashine ikipima mawimbi ya ubongo, ili wajue kwa hakika nani amelala na nani anajifanya. Waliolala kweli hawakuokota kitu. Tunachokijua vizuri ni kwamba ukilala, ubongo wako unaendelea kupanga ulichosoma mchana, na kazi hiyo inaifanya bila msaada wa hedifoni. Wewe umekaa miezi miwili na waya shingoni, sauti inapanda na kushuka, unagutuka, unageuka, waya unakuvuta. Kisha unashangaa kwamba mistari uliyoisoma saa sita usiku asubuhi haipo.

Kuna jaribio jingine ambalo natamani libandikwe kwenye kila lango la chuo. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walichukua kanda zilizokuwa zikiuzwa kwa wingi, zenye ujumbe wa chinichini ambao sikio haliukamati. Aina moja iliahidi kumbukumbu, nyingine iliahidi kujiamini. Wakabadilisha lebo za nusu ya kanda bila kuwaambia washiriki. Baada ya takriban mwezi mmoja, zaidi ya theluthi ya washiriki walidai wameboreka katika kile kilichoandikwa kwenye lebo. Aliyepewa kanda ya kujiamini yenye lebo ya kumbukumbu aliapa kwamba sasa anakumbuka. Walipopimwa, hakuna kanda iliyotoa kile ilichoahidi. Kilichokuwa kimewaingia ni karatasi iliyobandikwa juu. Ukisikia rafiki yako anasema "mimi ilinisaidia", sisemi anadanganya. Nasema amesoma bahasha.

Kwa hizo hezi 432 sitapoteza muda mrefu. Leo vyombo vingi vya muziki vya kizungu hulinganishwa sauti kwa noti ya A yenye mitetemo 440 kwa sekunde, makubaliano ya mkutano wa London wa 1939 yaliyokuja kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1955. Kabla ya hapo viwango vilitofautiana mahali na mahali. Ni makubaliano, kama sisi kuendesha magari kushoto. Wachongaji wa amadinda, marimba ya mbao ya hapa Buganda, huchonga ubao mpaka sikio la mchongaji liridhike, na sijasikia mtu aliyeugua kwa hilo.

"Mawimbi ya alfa", yaani mawimbi ya umeme ya ubongo ya takriban mara 10 kwa sekunde mtu akiwa macho lakini ametulia, yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yanauzika. Sikio moja likipewa sauti ya hezi 400 na jingine 410, utasikia mdundo wa mara 10 kwa sekunde ambao haupo katika sauti yoyote kati ya hizo mbili. Unaundwa ndani ya kichwa. Jambo hilo lilijulikana tangu karne ya 19. Lakini kutoka "unasikia mdundo" hadi "utakumbuka nadharia zote za sura ya pili" kuna mto, na matokeo ya waliojaribu kuuvuka yanapingana. Tena nimewaona wanafunzi wakizipigia sauti hizo chumba kizima kwa spika ya simu. Zikishachanganyika hewani, hata ule mdundo wa kichwani haupo tena! Muuzaji aliyesomea alichokiuza angewaambia.

Sasa Lingala yako, ambayo kwangu ndiyo sehemu nzuri ya swali. Unasema huelewi maneno, kwa hiyo hayakusumbui. Wengi hufikiri hivyo, na ni nusu kweli. Ubongo una mahali padogo pa kushikilia maneno kwa sekunde chache: namba ya simu kabla hujaiandika, mwanzo wa sentensi ndefu wakati unatafuta mwisho wake. Unaposoma kimyakimya, kuna sauti yako ya ndani inayopita hapo. Sauti ya mtu mwingine nayo inapita mlango huohuo, haibishi hodi. Mwaka 1976 wanafunzi wanaozungumza Kiingereza waliokuwa wakikariri herufi kwa mpangilio walikosea zaidi nyuma yao kukisomwa Kijerumani, lugha ambayo hawakuielewa. Majaribio ya miaka ya 1980 yalionyesha kwamba muziki wenye uimbaji unavuruga kumbukumbu ya aina hii kuliko muziki wa vyombo vitupu. Na mwaka 2011, waliopigiwa muziki wanaoupenda walivurugwa sawasawa na waliopigiwa wanaouchukia. Kupenda wimbo hakukulindi.

Lakini kazi si moja. Kwa kusoma maandishi mazito na kuyaelewa, maneno unayoyaelewa ndiyo adui mkubwa. Kwa hiyo Lingala ina nafuu kuliko injili ya Kiswahili, maana hiyo unaimba nayo hata midomo ikiwa imefungwa. Na usidhani ukitafuta ala tupu za wimbo wa kanisani umepona. Wimbo unaoujua tangu utotoni hauhitaji mwimbaji, wewe mwenyewe ndiye unayeuimba. Nina jirani Mganda ambaye amadinda ikilia anasikia maneno ya wimbo wote, wakati mimi nasikia mbao.

Ningekuwa wewe, ningefanya hivi. Kusoma makala ngumu, kuandika aya mpya, kukariri: kimya, au sauti isiyobadilikabadilika kama feni au mvua juu ya mabati. Kuingiza majibu ya dodoso kwenye kompyuta, kupanga marejeleo, kurekebisha kingo za kurasa: washa Lingala, ongeza gitaa, cheza na kiti kama unataka. Kazi ya kuchosha inahitaji mtu aliye macho, na hapo muziki ni rafiki wa kweli. Injili ibaki pale ilipo na nguvu, yaani baada ya kufunga kitabu, dakika kumi na tano, ukiimba kwa sauti. Ukiwa na mawazo mengi, kuimba na kupumua kwa mpangilio wa wimbo kutakutuliza kuliko kulisikiliza somo na wimbo vikigombana. Ukienda kulala, hedifoni zilale mezani. Kama umeshazoea sauti, tumia redio ya chini iliyo mbali na kitanda, yenye saa ya kujizima, na uipunguze usiku kwa usiku.

Na sauti iwe ya chini. Najua hosteli zetu. Baa inapiga upande huu, mkesha upande ule, nawe unapandisha hedifoni ili uwashinde wote wawili. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na sauti ikipanda zaidi ya hapo saa zinapungua haraka. Vizibo vya sifongo vya masikio vinapatikana kwenye maduka ya dawa kwa pesa ndogo. Vinanyamazisha baa bila kukuongezea baa nyingine kichwani.

Sasa niseme na wengine wote wanaosoma hapa, maana flashi ni sura moja tu ya biashara hii. Kabla yake ulikuwa unga wa kumbukumbu wa kuchanganya na chai. Kuna wanaouza vidonge vya kukesha bila cheti cha daktari, na kuna kozi za "soma kitabu kwa dakika tano". Muuzaji anakuita nyabo au ssebo (bibi au bwana kwa Kiganda) kwa heshima zote, anakuuliza utawasilisha tasnifu lini, kisha anapandisha bei kulingana na tarehe. Anachokiona usoni kwako si ujinga, ni hofu. Mwanafunzi wa uzamili ni mteja bora: amesoma vya kutosha kuvutiwa na neno "alfa", na amechoka kiasi cha kutotafuta maana yake. Nimewapokea watu waliokuja kwangu wakiwa wamechelewa miezi sita kwa sababu kila wiki walikuwa wanabadilisha dawa ya bandia, huku ugonjwa wenyewe ukikua. Usingizi ukikatika wiki mbili mfululizo, chakula kikakosa ladha, ukalia bila sababu au ukawaza kwamba afadhali usingekuwepo, usitafute wimbo. Nenda kwa mshauri nasaha wa chuo, au kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, au hospitali ya afya ya akili ya Butabika ukiwa hapa Kampala. Wazo la kufa likija, usingoje hata siku moja.

Wewe, dada, msimamizi umemweka kwenye mabano. Nilisoma swali lako mara mbili, na nadhani mabano hayo ndiyo swali. Mtu aliyekaa tangu Februari bila jibu hawezi kutulizwa na masafa yoyote, na sura ya pili haijakwama kwa sababu ya kumbukumbu. Mwandikie leo barua pepe ya mistari mitano: ulichotuma na tarehe yake, maswali mawili unayotaka ayajibu, na siku unayoweza kwenda ofisini kwake. Zikipita siku kumi za kazi, peleka nakala kwa mratibu wa masomo ya uzamili wa idara yako, kwa lugha ya adabu, bila kulalamika. Ndiyo kazi yake.

Flashi usiitupe. Ipitishe kwenye programu ya kuzuia virusi, futa kila kilichomo, kisha weka humo nakala ya tasnifu yako. Shilingi 60,000 ni ghali kwa flashi, lakini angalau itakuwa na kitu.