Saikolojia ya kibiolojia: ukipewa nafasi chache, anza na fiziolojia

Mkuu, umeuliza kozi zipi za biolojia zikufae ukiwa shahada ya kwanza ya saikolojia na nafasi za kuchagua ni chache. Nimepita humohumo. Nafasi ikiwa moja, chukua fiziolojia, yaani somo la jinsi mwili unavyofanya kazi.

Vitabu vyetu vya saikolojia husema seli ya neva "imesisimka" kisha vinasonga mbele. Kwenye fiziolojia hakuna kusonga. Utaelezwa kwa nini seli iliyotulia ina takriban milivolti -70 ndani, pampu yake inavyotoa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, na kinachofuata milango ya sodiamu ikifunguka. Faida yake niliiona tulipofika somo la dawa na tabia. Wenzangu walikariri orodha ndefu ya dawa. Mimi nilijiuliza tu dawa inagusa wapi. Inaziba mlango wa ioni? Inazuia serotonini (kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva) isirudishwe kwenye seli iliyoitoa? Ukijua hilo, nusu ya orodha inajieleza yenyewe. Homoni pia utazikuta humo, na bila kujua haipothalamasi (sehemu ya ubongo) na tezi za pituitari na adrenali zinavyopokezana hadi kortisoli, homoni ya msongo, itoke, mada ya msongo inabaki maneno matupu.

Shida ni masharti: mara nyingi hawakupokei bila biolojia ya seli, pengine na kemia kidogo. Vumilia tu.

Ya pili ningeweka tabia za wanyama, ingawa wengi huidharau wakidhani ni ya wapenda ndege. Maswali manne ya Tinbergen, mtafiti wa tabia za wanyama, ya mwaka 1963 (tabia inasababishwa na nini, inakuaje mnyama anapokua, ina faida gani, ilitokana na nini kimageuzi) yatakuzuia kuchanganya majibu ya aina tofauti, kosa ambalo hata wasomi hulifanya.

Jenetiki nzuri, ila usiishie kwenye mifano ya jeni moja kama ugonjwa wa Huntington (wa kurithi, unaoharibu ubongo). Skizofrenia (ugonjwa wa akili) haiko hivyo. Huko jeni ni nyingi na kila moja inachangia kidogo.

Botania (elimu ya mimea) achana nayo. Anatomia ya mwili mzima nayo itakumalizia muda kwenye mifupa na misuli. Kama ipo ya ubongo peke yake, hiyo sawa.

Weka hapa orodha ya kozi za chuo chako pamoja na masharti yake, tuipange kwa mihula.