Nilikula kiapo cha mgambo nikiwa mama wa watoto watatu

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni jambo gani uliloanza ukiwa tayari mzazi, wakati watu wanakuambia umechelewa? Langu ni mgambo. Nilijiunga na mafunzo ya Jeshi la Akiba nikiwa na miaka 39, kitinda mimba wangu akiwa na mitano.

Siku niliyopeleka jina ofisi ya kata, mtendaji aliniuliza nimekuja kumwandikisha kijana gani. Nikamwambia naandikisha jina langu. Akanyamaza kidogo, akaisoma barua ya mwenyekiti wa kitongoji, akaandika.

Ninaishi kaskazini mwa mto Kagera, upande ule ambao mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvamia na yeye akautangaza kuwa ni ardhi ya Uganda. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Mama yangu alivuka mto na kaka yangu mgongoni kabla daraja la Kyaka halijavunjwa. Ulikuwa msimu wa senene. Mpaka leo, senene wakianza kuanguka usiku wa Novemba na watoto wote wakakimbilia kwenye taa na ndoo zao, mama huingia ndani akakaa kimya. Nimekua nikiuona ukimya huo.

Baba mkubwa alikuwa Muleba wakati huo, fundi baiskeli, ana mke na watoto wanne. Alikuwa amepita mafunzo ya mgambo miaka michache nyuma, yale yaliyotokana na Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama kilichotawala wakati huo. Wareno walikuwa wameivamia Guinea Novemba 1970, Amin akapindua serikali Kampala Januari iliyofuata, na viongozi wetu wakaona jeshi la kambini peke yake halitoshi, lazima wananchi wenyewe wafundishwe kulinda nchi. Vita ilipofika, mgambo waliitwa. Pamoja na vijana wa JKT, polisi na askari magereza, walilifanya jeshi letu liwe kubwa zaidi ya mara mbili katika miezi michache. Wengi wao walikuwa wazazi, watu wa jembe na duka. Baba mkubwa alifika Kampala Aprili 1979 na alirudi nyumbani akiwa mzima.

Naeleza haya kwa sababu vijana wengi wakisikia neno mgambo wanamwona mtu anayewafukuza machinga na kumwaga matunda ya akina mama. Mimi ni muuza ndizi. Nimewahi kukimbia na sinia langu kichwani, najua uchungu wake, na sitautetea. Lakini neno hilo lina historia nyingine, na ilinisikitisha kuona wanangu wanaijua hiyo moja tu.

Mafunzo yalikuwa ya wiki 16. Tulikutana uwanja wa shule ya msingi saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo mimi niliamka saa tisa: kumenya ndizi, kuinjika maharage, kuandaa sare za shule za watoto, kisha kwenda uwanjani kuanza mchakamchaka. Wiki ya kwanza magoti yalivimba nikawa nashuka ngazi za kanisani kinyumenyume. Vijana wa miaka 20 waliimba chenja wakikimbia kama wanatembea. Mimi pumzi ya kuimba sikuwa nayo, nikawa naitikia moyoni. Wiki ya tano nikaanza kuitikia kwa sauti.

Mkufunzi wetu alikuwa koplo mwenye umri wa mdogo wangu wa mwisho. Uwanjani aliniita kuruta, nami nikampigia mguu sawa na kumwita afande. Jioni tukikutana njiani alikuwa wa kwanza kusema, "Shikamoo mama." Sikuona ugumu wowote katika hilo. Ugumu niliuona siku ya doso, yaani adhabu, kundi zima lilipopigishwa pushapu kwa sababu yangu: nilichelewa dakika kumi kwa kuwa mtoto alitapika usiku. Hakuna kijana aliyenilaumu, na hilo liliniuma kuliko kama wangenilaumu. Kesho yake niliomba dada yangu ahamie kwetu hadi mafunzo yaishe. Nawaambia wazazi wenzangu waziwazi: kama huna mtu wa kushika nyumba, au una mtoto wa kunyonya, subiri. Wiki 16 za kukosa soko pia si mchezo. Nilikopa kwenye kikundi chetu na nililipa mpaka mwaka uliofuata.

Tulifundishwa kwata, usomaji wa ramani, kufungua bunduki na kuifunga, kulenga shabaha. Walikuja watu wa Zimamoto, wa Uhamiaji, wa polisi kutufundisha ukamataji salama. Lakini darasa la huduma ya kwanza ndilo lililonifanya nijiulize tumeishi vipi miaka yote hii. Nimelea watoto watatu kwenye nyumba yenye jiko la kuni, mapanga na kisima, na sikujua namna ya kuzuia damu inayoruka wala kumlaza aliyezimia. Vijana walikuwa wanangoja zamu ya silaha. Mimi niliandika daftari la huduma ya kwanza likajaa, na binti yangu mkubwa akalinakili.

Wenzangu wengi walikuja kwa ajili ya ajira, na hawakuficha. Cheti cha mgambo kinafungua mlango wa makampuni ya ulinzi, na kijana asiye na kazi ana haki ya kuutafuta mlango huo. Baada ya kuhitimu, wengi waliondoka: Mwanza, Dar es Salaam, migodini. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu kama mimi anahitajika. Akiba ni kile kinachobaki ghalani. Kijiji kikipata mafuriko au moto usiku, au ikitokea tena yale ya 1978, watakaokuwepo ni wenye mashamba na watoto wa shule hapa hapa, wanaojua nyumba ya bibi asiyeweza kutembea na njia gani haipitiki masika. Naamini kwa moyo wote kwamba kila kata ingewatafuta wazazi wa aina hiyo kwa makusudi, na kuwapangia saa za mafunzo wanazoziweza, badala ya kuwasubiri vijana wanaopita tu.

Mume wangu alipinga mwanzoni. Mama mkwe alipinga mpaka mwisho. Aliyenibariki ni mama yangu, yule yule aliyevuka mto. Lakini swali zito lilitoka kwa mwanangu wa kati, wa miaka tisa. Aliniona napiga pasi sare ya kuhitimu, akauliza, "Mama, vita ikija utatuacha?"

Nilitaka kumwambia vita haitakuja. Ningekuwa namdanganya, maana bibi yake yuko chumba cha pili. Nikamwambia nikiitwa nitaenda, na kwamba baba na mama mdogo watabaki naye. Hakulia. Siku mbili hakuja kunikalia karibu kama kawaida yake. Siku ya tatu alinifuata jikoni akaniomba nimfundishe kufunga bandeji.

Nilisafiri hadi Muleba kumwuliza baba mkubwa yeye aliondokaje. Sasa ni mzee sana, anaongea polepole. Aliniambia kwamba asubuhi ya kuondoka hakuwa na maneno ya kumwambia mkewe, basi alimshika mkono akamzungusha shamba zima la migomba, akimwonyesha milamula, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, mmoja mmoja, na nani alikuwepo ulipopandwa. Alijua mjane asiyejua mipaka huliwa shamba na ndugu. Aliwaita majirani wawili washuhudie. Kisha akachukua begi lake.

Siku ya kufunga mafunzo Mkuu wa Wilaya alikagua gwaride, tukala kiapo. Watoto wangu walikuwa pembeni chini ya mwembe na baba yao, ambaye siku hiyo alivaa shati lake la Krismasi. Nilitamka maneno ya kiapo nikiwaangalia wao.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua binti yangu mkubwa, ana miaka 15, tukaenda shambani na mjumbe wetu na jirani wa juu. Nilimwonyesha mpaka wote, mlamula kwa mlamula, na karatasi za mauziano ya kile kipande tulichoongeza. Mlamula wa nne, karibu na mti wa zamani wa kahawa, ulikuwa umekauka. Tulikata tawi la ule wa tatu, yeye akachimba shimo, tukapanda mwingine jioni ile ile.