Majina ya Mungu yana wenyewe: kwa mnaoanza kuandika habari za dini

Mwandishi mgeni kwenye dawati la dini hukimbilia kuchora jedwali: Waislamu Allah, Wakikuyu Ngai, Waganda Katonda, Masingasinga Waheguru, na mbele ya kila jina "yaani Mungu". Si uongo, ila msomaji hapati kitu. Nendeni mkasikilize jina linapotajwa: mtu anapoomba, anapozika, anapompa mtoto jina.

Kigali au Bujumbura, orodha ya wanafunzi ukutani inatosha kuanzia. Habimana: Mungu yupo. Bizimana: ajuaye ni Mungu. Hakizimana: aponyaye ni Mungu. Yupo pia Niyonsaba, "ndiye nimwombaye", ambapo Imana, Mungu kwa Kinyarwanda na Kirundi, hatajwi na kila mtu anajua ni nani. Muulize mama kwa upole jina lilitoka wapi. Huenda ukapewa habari ya ugonjwa, au ya mtoto aliyetangulia, ambayo usingeipata kwa kumuuliza "unaamini nini".

Kwenye majina ya Kiislamu, angalieni sana vichwa vya habari. Abdulrahman ni mja wa Rahman. Ukikata jina ili litoshe safu, ukaandika "Rahman achaguliwa mwenyekiti", umempa binadamu jina ambalo Waislamu humwachia Mwenyezi Mungu peke yake. Karim na Rahim ni mbali: watu huitwa hivyo bila Abdul na hakuna anayeshtuka. Kukariri majina 99 hakutakuonyesha tofauti hiyo. Mpigie ustadhi, mwamkie vizuri, muulize. Wengi hufurahi kuulizwa kabla gazeti halijatoka.

Kwa Wamaasai nendeni taratibu zaidi. Mtasoma mahali kwamba wana miungu wawili, mweusi mwema na mwekundu mkali. Wakalisheni wazee, waacheni waseme, na mtasikia habari za Enkai mmoja: Enkai Narok akileta mvua na malisho, Enkai Nanyokie akikasirika, nchi ikakauka. Weusi huo ni wa wingu lililobeba maji. Enkai ni mbingu pia, ni mvua pia. Tena neno lenyewe limebeba kiambishi cha kike, na hapo waandishi waliolelewa na "Baba yetu" huanza kurekebisha. Msirekebishe. Naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko kukosea herufi, kwa sababu mzee akisomewa hatamtambua Mungu wake.

Kuna na jina lisilotamkwa. Wayahudi wakifikia zile herufi 4 za jina la Mungu katika sala husema Adonai. Katika mazungumzo husema HaShem, "Jina". Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Union huliona kila siku likiwa BWANA kwa herufi kubwa. Karatasi yenye jina hilo haitupwi: huwekwa, kisha huzikwa. Sinagogi la Ben Ezra huko Cairo lilirundika karatasi za namna hiyo chumbani kwa karne nyingi, hata msomi Solomon Schechter alipofika mwishoni mwa mwaka 1896 akahamishia Cambridge maelfu kwa maelfu ya vipande. Basi ukimhoji Myahudi, usimbane alitamke ili urekodi. Muulize angependa liandikweje.

Na kabla habari haijaenda kwa mhariri, mpigie tena uliyemhoji, umsomee jina ulivyoliandika, herufi kwa herufi.