Muulize Afande Mstaafu: Nataka kuwa ninja

Mwandishi wa safu hii alikuwa askari wa wanyamapori katika Mbuga ya Ziwa Nakuru. Siku hizi anafuga kuku huko Bahati na kujibu barua zenu.

Afande, salamu. Nina miaka 19, naishi Kaptembwo hapa Nakuru, na tangu nimalize kidato cha nne najifunza kuchomelea vyuma kwa fundi mmoja. Toka utotoni napenda mambo ya ninja. Nimejishonea vazi jeusi, nimekata vyuma vya nyota kutoka kwa msumeno mkuukuu, na usiku najizoesha kunyata kwenye vichochoro vya ploti. Mama anasema nimeingia genge. Nifundishe: nianzie wapi niwe ninja kamili, mwili na akili? – Kijana Kivuli, Kaptembwo

Kijana Kivuli, hizo ziara za usiku ziishe leo. Kaptembwo naijua. Mtu aliyefunika uso akinyata kichochoroni saa nane za usiku ni mwizi, hana jina lingine, na ukelele ukishapigwa hakuna atakayengoja kusikia habari za Japani. Hivyo vyuma vya nyota navyo vipeleke kwa wanunuzi wa skrapu upate nauli. Polisi wakikukuta navyo mfukoni utajieleza mpaka kuche.

Baada ya hayo, sikucheki. Barua yako nimeisoma kwa raha kuliko zile za kuuliza dawa ya kuku.

Hao ninja unaowapenda, wapelelezi wa Japani ya kale, walikuwepo kweli. Wengi wao walitoka Iga na Koga, sehemu mbili jirani za Japani zenye milima na mabonde, zama ambapo mabwana wa nchi ile walipigana wao kwa wao, karne ya 15 na ya 16. Bwana aliyemkodi mtu wa Iga alitaka hasa habari: ngome ya jirani ina watu wangapi, maji wanateka wapi, ni nani humo ndani ana kinyongo na mkuu wake. Mwaka 1581 Oda Nobunaga, mmoja wa mabwana hao, aliivamia Iga kwa jeshi kubwa na kuiteketeza. Mwaka uliofuata Nobunaga mwenyewe akafa katika uasi wa jemadari wake, na mshirika wake, Tokugawa Ieyasu, akajikuta mbali na kwao akiwa na watu wachache tu. Watu wa Iga ndio waliomvusha milima yao, Hattori Hanzo, mtumishi wa Ieyasu mwenye asili ya Iga, akiwa miongoni mwa waliosimamia safari hiyo, hadi akafika kwake Mikawa mzima. Hebu litazame tendo hilo ambalo mpaka leo wanasifiwa kwalo. Walimpitisha mtu njia mbaya akafika. Nasi tuliokuwa tukiwasindikiza wageni na madaktari wa wanyama katikati ya nyati tunajua kwamba hiyo si kazi ndogo.

Vita vilipokuwa vimekwisha kitambo, mwaka 1676, mtu wa ukoo wa Fujibayashi alikusanya maarifa hayo katika kitabu kiitwacho Bansenshukai. Humo mna ngazi za kamba, baruti, namna ya kuvuka handaki la maji, yote unayoyatamani. Lakini kabla ya kufika huko mwandishi anaanza na moyo. Anasema ujuzi huu ukitumiwa kwa tamaa ya mtu binafsi hauna tofauti na wizi. Kwa hiyo mama yako na mzee Fujibayashi wanakubaliana, nami nimesimama upande wao.

Vazi lako jeusi mpe dada yako akashone mfuko. Zile nguo za kininja tunazoziona kwenye picha zimetokana zaidi na jukwaa la maigizo la Kijapani, ambako wasaidizi wa jukwaani huvaa nyeusi na watazamaji hujifanya hawawaoni. Porini mbalamwezi ikiwaka, mtu mweusi tii anaonekana kama shimo katikati ya majani. Wenyewe walikwenda kwa sura ya mtawa, mfanyabiashara, mwanasarakasi, mpiga filimbi aliyevaa kapu kichwani, au mtu wa kawaida tu. Nenda kasimame stendi ya matatu hapa mjini uone. Mwanaboda aliyevaa riflekta ya manjano inayowaka kuliko vyote vilivyopo pale ndiye usiyemkumbuka hata akikupita mara nne.

Basi zoezi la kwanza ni kukaa kitako. Ndiyo, kukaa. Nenda soko la Wakulima, nunua chai, kaa mahali pamoja bila simu mpaka chai ipoe na ya pili ipoe. Usiandike chochote. Ukifika nyumbani, chukua daftari uandike: ni nani alikuja kuuza na nani alikuja kutazama, mwenye mkokoteni anapumzikia mkono gani, mama wa viazi anafanya nini kanjo wanapotokea, na je, alijua kabla hawajatokea? Siku za kwanza utaandika mistari mitatu na uongo mwingi. Rudi. Lakini usimfuate mtu, wala usipige picha. Unazoeza macho, hujaajiriwa na yeyote.

Zoezi la pili ni kutotikisika, na hapa ndipo wengi hushindwa. Tulipokuwa tukivizia majangili upande wa maporomoko ya Makalia, tulilala kwenye vichaka vya leleshwa tangu jua kuzama. Mbu anakuja, anatua kwenye kope. Ukimpiga, mkono umesogea, tawi limesogea, ndege aliyelala juu yako anaruka akipiga kelele, na yeyote aliye karibu anajua pana mtu. Basi unamwachia. Unalifumba jicho hilo taratibu, unasikia sindano ikiingia, unahesabu pumzi zako mpaka ashibe aondoke. Kisha anakuja nduguye. Kijana, hakuna ngumi niliyowahi kufundishwa kambini iliyokuwa ngumu kuliko kumwachia mbu. Anza kwa kukaa mlangoni pa nyumba jioni moja bila kujikuna, uone utafika wapi.

Sasa miguu, maana najua hiyo ndiyo uliyoingoja. Kunja magoti kidogo. Mguu utue kwa ukingo wake wa nje, kisha uulaze kuelekea kidole gumba, na uzito ubaki nyuma mpaka uhakikishe kilicho chini. Kama ni kijiti, utakihisi kabla hakijavunjika, na mguu utarudi. Vua viatu. Jifunzie mchana, kwenye majani makavu ya mkaratusi, uwanjani penu au kwa nyanya yako. Msahihishaji wako awe kuku. Wakiwa wanachakura, wakaribie. Jogoo akiinua shingo, ganda hapo hapo. Akirudi kuchakura, hatua moja. Siku utakapofika umbali wa kumgusa mkia bila kundi zima kutawanyika, utakuwa umejifunza jambo ambalo vazi lako halikufundishi.

Na upepo. Mimi nilitembea na soksi ya mtoto iliyojaa jivu la jikoni lililochekechwa. Unaigonga kwa kidole, vumbi jeupe linatoka, unatazama linaelekea wapi. Likielekea kwa nyati, unarudi ulikotoka, hata kama umetambaa mpaka viwiko vimechubuka. Kifaru haoni vizuri, lakini pua na masikio yake ni balaa, na mgongoni huwa na wale ndege wanaokula kupe, askari wa kifaru, ambao hupiga kelele wakikuona. Nimewaona vijana wenye misuli wakikataa kurudi kwa sababu wameshachoka kutambaa. Kukubali kurudi ndiyo akili ya kininja unayoiuliza, kama unataka jibu fupi.

Kuhusu nguvu, Menengai iko hapo juu yako na haitozi ada ya mkufunzi. Panda hadi kilele mkiwa kundi, kweupe, mara moja kwa juma, mkirudi kwa miguu. Ukitaka kupigana, jiunge na klabu ya judo au karate yenye mwalimu anayejulikana na mikeka ya kuangukia. Mwambie mama yako aje atazame siku ya kwanza. Na hiyo kazi ya kuchomelea usiiache. Watu wa Iga nao walikuwa na kazi zao siku nyingi za mwaka, wengi wakilima, na fundi huingia katika nyumba ya kila mtu kwa mlango wa mbele.

Afande, mwanangu yuko gredi ya sita. Ameambiwa na wenzake kwamba ninja hupanda mmea na kuuruka kila siku, na kadiri mmea unavyokua ndivyo yeye anavyoruka juu zaidi. Amechagua mahindi yangu. Kila asubuhi navunjiwa mabua mawili matatu. Jambo hili ni kweli ama nimchape? – Mama wa Mahindi, Kakamega

Mama, usimchape. Hadithi hiyo inasimuliwa kweli, ila mmea wake ni katani ya jamii ya bangi, iliyolimwa kwa ajili ya nyuzi. Shukuru amechagua mahindi.

Mfanyie hesabu tu. Mahindi ya huko kwenu yakipata mvua na mbolea hupita mita mbili bila shida. Rekodi ya dunia ya kuruka juu ni mita 2.45, iliyowekwa na Javier Sotomayor wa Kuba mwaka 1993, na haijavunjwa mpaka leo. Naye alikuwa na godoro la kutua. Mfungie kamba kati ya miti miwili, iwe ya kulegea ili ianguke akiigusa, na umwagie maranda ya mbao upande wa kutua. Atue kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa. Kamba ipande kidole kimoja akiweza, isipande kwa sababu siku imepita. Na paa la nyumba ni marufuku, hilo usilijadili naye.

Akichoka kuruka, mpeleke msitu wa Kakamega na mwongoza watalii wa pale. Mtoto anayeweza kutambua ndege kwa sauti bila kumwona ameshaanza kazi.

Afande, kaka zangu wanasema msichana hawezi kuwa ninja. Wajibu. – Dada Asiyeonekana, Bungoma

Dada, waambie kitabu kile kile nilichokitaja juu kina sehemu inayoeleza kutumia wanawake kupata habari mahali ambapo mwanamume hawezi kupenya, kama ndani ya nyumba ya bwana. Hao wasichana wa kuruka mapaa na panga mbili ni wa sinema zaidi, kama walivyo wanaume wa kuruka mapaa.

Wakitaka mfano wa karibu, Faith Ogallo, aliyesoma Chuo Kikuu cha Kibabii hapo hapo Bungoma, aliiwakilisha Kenya katika taekwondo kwenye Olimpiki ya Tokyo. Waulize kaka zako wamewakilisha nani.

Mzee, mimi ni soja katika nyumba moja Milimani, Kisumu. Nalinda usiku peke yangu, sina bunduki, nina rungu na tochi. Nimesoma kwamba ninja waliona gizani. Kuna ujuzi wowote wa kunisaidia? – Mlinzi, Kisumu

Ndugu yangu, upo, na kati ya wote walioandika mwezi huu wewe ndiye unayeuhitaji.

Jicho huchukua karibu nusu saa kulizoea giza sawasawa, na mwanga mmoja wa simu unaiharibu nusu saa hiyo yote. Kwa hiyo simu ikae mfukoni. Gari likija na taa kali, fumba jicho moja mpaka lipite. Hilo ulilofumba litakuwa bado linaona. Ukitaka kutambua kitu gizani usikikazie macho moja kwa moja. Tazama pembeni yake kidogo, kitajitokeza, kwa sababu katikati ya jicho ndipo padhaifu katika kuona mwanga hafifu. Tochi iwashe ukiwa umeshaamua unachotaka kukiona, na uishike mbali na mwili.

Masikio: achama mdomo kidogo unaposikiliza, pumzi yako isikusumbue. Huko kwenu upepo wa usiku kwa kawaida hutoka nchi kavu kwenda ziwani, hivyo sauti za upande wa mjini zinakufikia vizuri na za upande wa ziwa zinapotea. Upande wa ziwa basi utumie macho zaidi. Vyura ni wasaidizi wako wasiolipwa. Wakinyamaza ghafla upande mmoja huku upande mwingine wakiendelea, kuna kitu kimepita pale, pengine mbwa tu, lakini kapige tochi.

Usizunguke kwa saa zile zile kila usiku, na zamu nyingine zunguka kinyume. Ukiona mtu ndani ya ua, piga kengele na kelele, uwaamshe watu; rungu si la kumfukuzia mtu mwenye panga. Na ile taa ya getini, mwombe bosi aigeuze imulike barabarani badala ya kukumulika wewe usoni. Akikataa, hamisha kiti.