Uliza Fundi wa Stima: "Taa yangu inawaka vizuri, kwa nini niishushe?"

SWALI: Wifi yangu anayeishi Marekani aliniletea taa ya dari ya vioo vinavyoning'inia. Juzi amenipigia simu kwamba kampuni imetangaza zirudishwe, eti viungo vya nyaya ndani yake vinaweza kushika moto. Yangu inawaka vizuri tangu Krismasi na fundi wangu anasema nisihangaike. Nifanyeje? – Mama Neema, Donholm

JIBU: Mama Neema, usiiwashe tena hata usiku wa leo.

Kuwaka vizuri si ushahidi. Kiungo kilicholegea hupitisha stima na taa ikawaka kama kawaida, huku joto likijikusanya pale pale juu ya dari, plastiki ikiungua polepole na mbao zikikauka bila mtu kuona. Mwaka 1997 Marekani ilitangaza taa za halojeni za kusimama zipatazo milioni 40 ziwekewe wavu wa chuma juu ya balbu, kwa kuwa zilichoma mapazia. Hizo nazo zilikuwa zikiwaka vizuri.

Zima kwenye swichi kuu. Ile ya ukutani isikutulize: nimekuta nyumba za kupanga ambazo swichi imefungwa kwenye waya wa nyutro (unaorudisha stima) badala ya ule unaoileta, taa imezimika lakini holda bado ina stima.

Kisha ishushwe, msome kibandiko kilicho nyuma ya kitako. Tangazo huhusu modeli na tarehe fulani za kutengenezwa, kwa hiyo linganisheni na alivyoambiwa wifi. Angalieni volti pia. Nyumba za Marekani hutumia volti 120, sisi 240. Hata balbu za hapa zikikubali kuingia, taa iliyokaguliwa kwa 120 pekee haifai darini kwako, iwe imetangazwa au la.

Usiitupe, wala usimgawie mtu wala kuiuza Gikomba, nakusihi. Piga picha ya kibandiko, wifi adai pesa kwa niaba yako. Kampuni nyingine hutaka waya ukatwe kwanza, basi asome masharti.

Fundi anayesema usihangaike kabla hajapanda ngazi, mimi simwamini. Tafuta mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, umwombe akuonyeshe. Akishaishusha, akague nyaya zinazotoka darini: zikiwa zimegeuka kahawia au zinakatika zikikunjwa, azikate hadi penye shaba safi kabla ya kufunga taa nyingine.