Je, mantiki ya thamani tatu inamaliza kitendawili cha Russell?

SWALI: Kwa nini tuzibane seti kwa sababu ya kitendawili cha Russell, badala ya kukubali tu kwamba kauli nyingine si kweli wala si uongo?

JIBU: Kwa Russell peke yake, wazo lako linafaa. Chukua R, yaani seti ya seti zote ambazo si memba wa zenyewe, na kauli "R ni memba wa R" tuiite K. R ni memba wa R ikiwa tu si memba wa R, basi K na "si K" zinakuwa kitu kimoja. Kweli ikiwa 1 na uongo ukiwa 0, ipe K thamani ya nusu, kama mantiki ya thamani tatu ya mwanamantiki Łukasiewicz ya 1920 inavyoruhusu. Kinyume cha nusu ni nusu, basi yameisha.

Shida ni ndugu zake. Unda D, seti ya kila x ambayo: ikiwa x ni memba wa x, basi, ikiwa x ni memba wa x, 0 = 1. Kauli "D ni memba wa D" iite M. Kwa Łukasiewicz, "ikiwa a basi b" ina thamani 1 − a + b, ila haivuki 1. Jaribu mwenyewe: ukiipa M sifuri, sharti lake linatoa 1, ukiipa 1, linatoa 0, ukiipa nusu, linatoa 1. Hakuna inayokubali. M inataka 2/3, nawe huna. Ongeza thamani ya nne uipate, nami nitaongeza "ikiwa" moja nikudai 3/4. Mwanamantiki Moh Shaw-Kwei alilionyesha hilo mwaka 1954: thamani zenye idadi yenye kikomo, hata ziwe ngapi, hazitoshi.

Wengi humlaumu mtu asiye na kosa, yaani kanuni ya "ama kweli ama si kweli". Iondoe uone. Chukulia K, unapata si K, hiyo inagongana na K uliyoanza nayo, kwa hiyo K imeanguka, na si K imethibitishwa. Lakini si K ndiyo K! Kanuni hiyo hatukuigusa kabisa. Tulichofanya ni kutumia dhana moja, yaani K tuliyoichukulia, mara mbili, kama anayenunua vitu viwili kwa noti ileile.

Ukikataza hilo, kila sharti linaweza kuunda seti bila kuleta ukinzani; mwanamantiki Grishin alithibitisha hivyo miaka ya 1970. Ila gharama yake ni kubwa. Yeye huyo alionyesha kwamba ukirudisha kanuni kuwa seti zenye memba walewale ni seti moja, ruhusa ya kutumia dhana mara mbili inarudi kwa mlango wa nyuma, na kitendawili nyuma yake. Seti zisizotambulika kwa memba wake, kwangu, ni hasara kubwa kuliko mipaka ya mwanahisabati Zermelo ya 1908, anayekuruhusu kuchambua memba kutoka seti uliyo nayo tayari. Kwa hesabu za kila siku baki naye. Ukitaka kuchunguza mantiki nyingine, thamani tatu ziache. Anzia kwenye katazo la kutumia dhana mara mbili.